Nukta

Maji yamekupwa Mtambwe, tope limebaki uchi,
nami nimeifunga kamera nyuma ya darubini
kwa pete aliyoichonga Shaame kutoka kifuniko cha bomba.
Haikai sawa. Naishikilia kwa dole gumba.

Ndani ya duara wamo yangeyange wawili,
mmoja mweupe kama unga wa muhogo,
mmoja masizi ya sufuria.
Shaame asema ni ndugu, tundu moja huwatoa wote.

Kwanza napima kila kitu kwa pamoja.
Kamera yajumlisha tope, mikoko, mbingu,
hata kiza cha darubini yenyewe,
ule mviringo mweusi pembeni,
yauhesabu kuwa ni sehemu ya dunia.
Yasema: hapa usiku. Yafungua jicho.
Mweupe anaungua, habaki unyoya,
tobo tu kwenye karatasi.

Nahamia kipimo cha kati. Afadhali,
ila ndege hakai kati,
ana dagaa wake wa kumkimbiza.

Basi nukta. Ndogo kuliko kichwa cha karafuu.
Naiweka mgongoni mwa mweupe, naongeza mwanga kidogo,
kwa kuwa kamera, ukiiachia, hutaka kila kiumbe awe kijivu.
Manyoya yarudi, moja moja,
na kivuli chembamba chini ya bawa.
Lakini nduguye kazama topeni,
zimesalia nyayo zake za njano.

"Wote wawili huwapati," asema Shaame,
akifuta kioo kwa pindo la shati, nami nimemkataza mara ngapi.

Tunayo nyumbani picha moja ya bibi,
Bi Chumu binti Faki, ya pasipoti,
ya safari ya Makka ambayo hakuifika.
Ukuta wa studio ulikuwa umepakwa chokaa juzi.
Fundi alipima ukuta.
Ukuta ulitoka vizuri, hata ufa wake nitakuonyesha.
Bibi ni ukingo wa mtandio, na kiza, na meno mawili.
Mimi sikumdiriki. Miaka yote
nikidhani ndivyo alivyokuwa.

Naihamisha nukta.
Shingoni mwa yule wa masizi, napunguza, nangoja ainuke.
Kumbe si masizi:
ni wino uliotiwa maji,
na koo lina weupe wake, mdogo, wa siri.
Kando yake mwenzake anaungua.
Namwacha aungue.

"Umepata?"
"Mmoja."
Hakuuliza yupi.
Maji yanajaa, na mguu mmoja wa darubini
umeshaanza kuzama.