Mkono wa Gongoni

Chumvi haili chuma kwa meno.
Hukilamba.
Mwaka nenda mwaka rudi, kama mdai asiyebisha hodi,
mpaka siku unaitia nati spana
na nati inageuka unga mwekundu kiganjani.

Nimekuja na orodha: roda kumi na nne,
waya mita mia sita,
wenzo mmoja uliogoma,
kioo cha kijani chenye ufa.
Kioo chekundu hakipo. Inasemekana
kilionekana Marereni, kwenye dirisha la kinyozi.

Reli yenyewe haifiki popote. Kilomita tatu,
toka ghala la zamani hadi mabwawa ya chumvi,
na kichwa cha treni kimoja, Kitunguu,
kilichopewa jina hilo kwa kuwa moshi wake
uliwaliza madereva wote, hata wasio na msiba.
Siku hizi hakivuti magunia.
Jumamosi huvuta watoto wa shule,
shilingi hamsini kichwa, mwalimu bure.

Kamati inataka mawili kwa pamoja:
mkono wa ishara ubaki vile vile, ubao wake na rangi yake,
na umeme uingie, watu wa bima waridhike.
"Mkongwe kwa sura, kijana kwa ndani,"
alisema mwekahazina, Bi Mbeyu, akacheka,
kisha akauliza bei,
akaacha kucheka.

Nikafungua sanduku lililo chini ya nguzo.
Nyuma ya mlango, kwa rangi nyeupe inayobanduka,
mwandiko wa Mwadime, fundi wa Voi
aliyestaafu kabla sijajua kushika bisibisi:

    Waya utakatikapo, mkono ujiangushe,
    Usikisie ulipo, treni uisimamishe,
    Na shaka iingiapo, nyekundu uionyeshe,
    Heri wakutusi hapo, kuliko uwapotoshe.

Nikasoma mara mbili, grisi ikinikaukia vidoleni.
Waya kazi yake ni kuinua tu.
Kuanguka, mkono unajua wenyewe:
uzito wake unaulaza, ukanyooka,
ukasema simama
hata kama hakuna mtu kibandani.

Na swichi nilizobeba kwenye boksi la plastiki,
mpya, bado zinanuka kiwanda,
ndani zina kijichuma kinachoshikiliwa juu na umeme.
Umeme ukifa, kijichuma kinadondoka, tak,
na taa nyekundu, yenye betri yake peke yake, inawaka.
Mwadime angeitambua sauti hiyo.

Baba yangu, Tsofa, alifunga geti la reli hii
miaka kumi na tisa.
Yeye hakuundwa na mzani huo.
Presha ilipomkata waya ndani
aliendelea kutuonyesha kijani:
sijambo, sijambo, Nyevu, pita mwanangu.
Tukapita.
Tukapita kwa mwendo wetu wa kila siku.

Alhamisi, saa nne asubuhi, jaribio.
Kamati nzima imepanda, Bi Mbeyu na chupa yake ya chai.
Sikumwambia Chengo, dereva, nitakalofanya.
Kitunguu kikachomoza kwenye kona ya mikoko,
kinakohoa, kinajivuta, kinaamini.
Nikachukua koleo
nikakata waya mpya, ule ule wa bei isiyochekesha.

Mkono ukaanguka.
Ukatikisika mara mbili, ukatulia.
Chini yake: tak.

Breki zikapiga ukelele mpaka kunguru wakaruka,
chai ikamwagikia mapaja ya hazina,
Chengo akatoa kichwa dirishani
akanitukana kwa Kigiriama, kisha kwa Kiswahili,
kisha, maneno yalipomwishia, kwa honi.

Nikaandika daftarini:
Ishara namba moja. Imeharibika vizuri.

Nikaketi juu ya taruma,
nikamwachia amalize.