Mita Moja na Nusu, Buholo

Karatasi ilifika Jumanne, muhuri wa komine
ungali unachafua vidole.
Kijana aliyeileta aliisomea nje, kwenye ngazi za udongo,
maana kifungu cha pili kilimkataza kuingia.
Soma kwa sauti, nikamwambia, watoto wamelala,
na hawa wakilala hata mvua ya mawe juu ya bati haiwaamshi.

*Watoto wasizidi kumi.*
Nilikuwa nao kumi na wanne.
Niliwahesabu kuanzia mlangoni, kisha kuanzia dirishani,
kama mtu anayerudia kuhesabu noti akitumaini amekosea.
Kumi na wanne.
Karatasi haikusema wa kumi na moja aende wapi.

*Kati ya mkeka na mkeka, mita moja na nusu.*
Kuanzia kichwani, nikauliza, au miguuni?
Maana Irenge hulala upande wa ziwa akaamkia upande wa mlima,
na safarini amewapanda wenzake watatu.
Kijana akaitazama karatasi.
Karatasi haikumjua Irenge.

Sina futi ya kupimia.
Nilichukua kitenge nilichombebea mwanangu wa kwanza,
nikampelekea seremala jirani anionyeshe mita moja na nusu,
nikafunga fundo hapo.
Chumba changu kikatoa watoto watano.
Sita, mlango ukiachwa wazi.

*Maji yawe yanatiririka.*
Hapo tulicheka, yeye kwanza.
Bomba letu hukohoa saa nane za usiku,
likatema bidoni mbili, likanyamaza hadi kesho kutwa.
Basi akavua koti, akachoma msumari kwenye makaa yangu,
akatoboa bidoni, akalitundika kwa kamba kwenye nguzo.
Yanatiririka, akasema, akatia alama yake ya kalamu.
Sijui jina lake mpaka leo.

*Vitu vya kuchezea vioshwe kwa javeli kila jioni.*
Vifuniko vya chupa, arobaini na kimoja.
Gari la waya la Ashuza.
Mwanasesere wa matambara aliyepauka uso kufikia usiku wa tatu,
tukalazimika kumpa jina lingine.

*Mtoto asibebwe mgongoni pasipo sababu.*
Hili nililisoma mwenyewe, peke yangu, jioni,
nikakaa chini.

Soko la Kadutu halikupewa karatasi yetu.
M'Rutega bado alikuwa akipanga sambaza zake alfajiri,
na mama yake Nakito akipiga deki koridoo za hospitali,
akirudi na harufu ya dawa hadi kwenye nywele.
Nikawagawa: saba asubuhi, saba baada ya ugali.
Saba, si sita.
Fundo nililisogeza kidogo.
Mungu aliona. Komine haikuona.

Wiki ya tano, Nakito akakohoa.
Si kikohozi cha moshi, hicho nakijua.
*Anayekohoa arudishwe nyumbani mara moja.*
Nyumbani kwao kuna kufuli,
na ufunguo uko ndani ya sidiria ya mwanamke
anayesukuma maji machafu chini ya vitanda vya watu wengine.

Nilisimama katikati ya chumba, karatasi ukutani,
mtoto mlangoni, sita wakinitazama.
Nikamwita jirani awaangalie wale.
Nikafunga barakoa yangu, nikakikung'uta kitenge,
nikainama, Nakito akapanda kama apandavyo siku zote,
magoti kwanza.

Tulikaa nje, ngazi ya tatu kutoka mlangoni,
jua likitupiga, joto lake likipita gauni langu
bila kuhitaji kipimo cha mtu.
Sikufungua fundo la vipimo. Lilikaa kifuani,
likinibana kila nilipovuta pumzi.

Irenge alitokeza kichwa dirishani.
Akatutazama sana.
Akauliza, kutoka kwako mpaka kwake
ni mita ngapi?