Mkono wa Kushoto

Nyuma ya Ploti 47, Umoja,
wameniita niamue. Natoka na povu hadi viwikoni;
siku hizi kamba ya nguo inanijua kuliko mpira.

"Mama Kemunto, si kati ni kati?"
Anayeuliza ni Khavere, kiganja kimeficha mpira wa tenisi
wa shilingi hamsini, uliokwisha manyoya.

Mimi nilicheza kati hapa hapa, kabla ya ghorofa.
Mpira wetu ulikuwa pakiti za maziwa, juala juu ya juala,
tukaukaza kwa uzi wa gunia. Ukikupata
unasikia pah, kisha unacheka.
Na yule wa katikati, akiinama kujaza chupa mchanga,
alikuwa na macho ya kinyonga,
moja huku, moja kule.

Majuala yakapigwa marufuku. Vyema,
mtaro wetu ulipumua.
Kisha mwenye ploti akapandisha ukuta
hatua tisa kutoka ukuta wa pili.
Hatua tisa, mpira mgumu, bega la Khavere:
hiyo ni kupigwa mawe kwa zamu.
Wadogo wameacha. Wanakaa kwenye ngazi
wakihesabu alama kwenye mapaja ya Syombua.

Na Nyaboke, mwenye pengo, wa darasa la tatu,
ndiye aliyeleta hoja:
"Turushe kwa mkono wa kushoto."

Kelele. "Haijawahi!" "Hiyo ni ya watoto!"
Hata mimi ulimi ulikwisha kunyanyuka
kusema tulivyocheza sisi,
kana kwamba sisi tuliikuta kanuni imechongwa mahali.
Nani alituchagulia juala? Ufukara tu.
Nani alitupimia hatua ishirini?
Kiwanja chenyewe, kabla ya simenti.
Tulichokilinda bila kujua ni kile kitambo
mpira umeshatoka mkononi
na wewe bado hujajua utaruka au utainama.
Hicho ndicho kati.
Kikifa, mistari ya chaki hata ibaki ilivyo,
tutakuwa tumetunza ganda, yai limekwenda.

Nikasema: kushoto.

Khavere akasonya, akarusha.
Mpira ukaangukia sufuria za jirani.
Kicheko; wadogo wawili wakashuka ngazi.
Mchezo ukarudi kama maji ya mfereji siku ya zamu yetu,
kwanza hewa, kisha kikohozi,
kisha tone.

Nilikuwa kwenye kibanio cha tatu
niliposikia pah, na kilio.
Nyaboke yuko chini, ameshika goti.
Upande wa lango amesimama Syombua,
haongei, anapangusa kiganja kwenye sketi.
Kiganja cha kushoto.
Miaka yote hii hakuna aliyemuuliza
anaandikia mkono gani.

Wote wananigeukia tena.
Povu limenikaukia mikononi.