Asilimia Thelathini na Moja

Tulisema tutafika Singida.
Huu ni usiku wa tatu na tupo Bahi,
nyuma ya mashine ya mpunga,
gari limeelekeza pua kwenye kichuguu cha pumba
na Chidawali, mume wangu, hajalala.

Anatazama kidude ukutani.
Sabini na nne, anasema.
Baada ya nusu saa: sitini na sita.
Anazitamka kama nesi anayesoma homa ya mgonjwa.

Gari lenyewe alilinunua mnadani,
Kosta iliyobeba wanafunzi mpaka ikachoka.
Viti aling'oa. Madirisha akayaziba
kwa vipande vya godoro na karatasi ya kung'aa,
juu ya paa akatandaza sola sita,
chini ya kitanda akalaza betri nne.
Nalala juu ya kiinua mgongo.

Kiyoyozi ni kidogo, kama sanduku la bibi harusi,
ila kikiwaka, Oktoba yote ya Ugogo inabaki nje,
ile inayopasua midomo,
inayowapanga ng'ombe mstari mmoja
kwenye kivuli cha nguzo ya umeme,
kivuli kikihama nao wanahama.

Mimi, kusema kweli, nalala.
Najifunika blanketi, Bahi, mwezi wa kumi!
Nimezaa watano chini ya bati,
sijui kwa nini nione haya.

Yeye sasa.
Miaka ishirini na sita ameendesha lori la sangara
kutoka Mwanza, samaki nyuma kwenye barafu
na yeye mbele, injini mapajani,
shati likimkaukia kwa chumvi.
Siku moja lori lilimchemkia mlima Sekenke,
akakaa kando ya barabara akaapa:
nami nitapoa. Nitapoa kama sangara.
Ubaridi ameupata.
Usingizi wa kuulalia ndio hana.

Jana jioni alikuja mama mmoja, Mama Nyemo,
mchele kwenye bakuli la bati, kanga begani.
Akasimama mlangoni kwa adabu, akanong'ona:
Poleni. Marehemu ni nani kwenu?

Gari limezibwa madirisha, linavuma usiku kucha,
halizimwi, halisafiri:
angewaza nini?
Ubaridi wa kununua tunaujua huwa wa nani.
Anayewekewa hausikii.

Nilitaka kucheka, nikashindwa.
Nikasema, hakuna marehemu, mama, kuna mstaafu.
Akachungulia. Akamwona kakaa juu ya ndoo,
mwanga wa kijani mashavuni.
Mchele akaniachia hata hivyo.
Kisha akaomba apumzike kidogo,
na akapumzika mpaka hamsini na mbili,
miguu kainyoosha, macho kafumba,
na Chidawali, ambaye wanawe mwenyewe
huwafokea wakiacha mlango wazi,
hakusema neno.

Leo pumba zimepeperuka siku nzima,
sola zimekula vumbi badala ya jua.
Thelathini na moja, anasema. Hatufiki alfajiri.
Zima basi.
Hazimi. Joto la nje lipo palepale, limeegemea bodi.
Nachukua kitenge, nakifunika kidude.
Zinashuka hata usipoziona, anasema.
Najua, namwambia. Nina miaka sitini na mbili.

Saa tisa na robo kinajizima, bila kuaga.
Kimya kinaingia na miguu yake yote,
mbwa wa mbali, chura wa majarubani.
Namsikia akishusha pumzi ndefu,
na kabla sijafungua dirisha
anakoroma.

Hewa ya Bahi inapita kati yetu, inanuka pumba,
imekwishapoa yenyewe, haikuulizwa.
Sasa niliye macho ni mimi.
Kukipambazuka nitapanda juu nikapanguse zile sola,
magoti yakikubali.
Na lile bakuli lipo pale kwenye usukani.
Bakuli la watu halirudi tupu.
Napapasa gizani, natafuta cha kuweka.