Ndugu zake Dali

Kanda aliiacha injinia wa mafuriko,
yule aliyekuja Gulwe kuhesabu mataruma
uliyoyabeba mto Kinyasungwe kwa usiku mmoja.
Aliniachia pia redio, buti la mguu wa kushoto,
na mwanamume mmoja na gita lake.

Karatasi ya kanda mende walishaila.
Zimebaki herufi tatu: dal.
Basi nikamwita Dali,
na miaka kumi na minane nimekuwa naye,
asubuhi nikikaza nati kuelekea Godegode,
jioni nikimenya karanga.

Kimombo changu ni cha kuokoteza:
mvua najua, barabara, mama, treni.
Treni anaitaja mara kumi na moja.
Nimehesabu; hesabu ndiyo kazi yangu.
Wimbo wa tatu kuna kitu kinampotea,
sijui ni ng'ombe au ni mke,
ila sauti inashuka kama ya jirani yangu Mbeleje
mwaka alipopotelewa na vyote viwili.

Machi redio ikaitafuna kanda.
Nikavuta utepe kama utumbo wa kuku,
nikaukunja kwa kalamu. Wapi.

Nikaenda Mpwapwa kwa Ndahani,
kijana anayejaza nyimbo kwenye flashi.
"Msanii gani?"
"Dali."
Akapekua. Hakuna Dali.
"Basi nipe ndugu zake."
"Ndugu wa namna gani, mzee?"

Hapo nikakwama.
Nikamwambia: anaimba kama mtu aliyeegesha lori
kando ya njia na hajazima injini.
Nikamwambia: gita halimkimbizi,
linamngoja avute pumzi.
Nikamwambia: hakuna anayempigia makofi.
Ndahani alicheka, lakini aliandika.

Wa kwanza ana ngoma nyingi, na kofia pichani.
Anajua kuwa anapendeza. Nikamfuta.

Wa pili mwanamke, sauti ina chenga
kama uwele uliopita kinuni mara moja tu.
Nilimsikiliza nimesimama, spana mkononi,
mpaka kiberenge kikanipigia honi mgongoni.

Wapo wawili wanaoimba kwa mdomo mmoja
kisha wanagombana kwenye neno la mwisho.

Na yupo mzee anayekohoa kabla hajaanza,
na kikohozi wamekiacha humo humo.
Huyo nilimwelewa tangu kikohozi.

Hakuna aliye Dali.
Ila kwa yule mwanamke, katikati,
gita linapanda ngazi tatu, linaghairi, linashuka,
ngazi zile zile za Dali.
Alimwibia? Alimrithi?
Au wote walilala karibu na reli moja
wakiamshwa na behewa lile lile la mizigo?

"Na huyu ni nani tena?" akauliza Sechelela,
unga umemjaa viganjani.
"Shangazi yake Dali."
"Ukoo wenu unakua."
Akapepeta, akanyamaza, halafu:
"Hebu mrudishe yule wa kikohozi.
Mjomba alikuwa hivyo hivyo,
anatia mate uzi wa zeze, anakohoa, ndipo anaanza.
Kule kwetu Handali."

Nikamtazama.
"Umesema wapi?"
"Handali. Hupajui kwa wakwe zako?"

Nikalitoa ganda la kanda kwenye kopo la misumari,
nikalisogeza kwenye taa.
Mbele ya zile herufi tatu pametafunwa.
Nyuma yake pametafunwa.

Sikusema kitu.
Nikabonyeza, mzee akakohoa.