Daftari la Magongo

Jumapili, saa nane mchana, Mabibo.
Godauni lililokuwa la pamba linanuka jasho na marashi,
na mimi mlinzi nasukuma toroli
kuzoa magongo yaliyotupwa madhabahuni.

Leo manane. Mawili ya chuma,
matano ya mbao, na moja
ni mpini wa jembe, umefungwa kitenge
pale kwapa linapokaa.
Nabii ameagiza yatundikwe nyuma ya kinanda,
kamera ziyaone.
Naandika kwenye daftari. Hakuna aliyenituma.
Nilikaa stoo ya bandari miaka tisa:
kitu kikiingia, kinaandikwa.

Jumatatu, kabla ya adhana ya alfajiri,
mlango wa nyuma unagongwa kwa ncha ya kidole.
Mjukuu wa Bi Sikujua.
"Bibi anaomba gongo lake."
Si alipona jana? Nilimwona kwa macho haya,
hatua saba, umati ukihesabu kwa sauti.
"Alipona," anasema mtoto, wala hatanii.
"Ila sasa anataka kwenda chooni."

Nampa. Anatia dole gumba kwenye mstari wake.
Ukutani unabaki msumari mtupu,
na msumari mtupu unaulizwa maswali,
kwa hiyo fundi wa Keko hunichongea mengine
kwa fungu la matengenezo. Mhasibu hajawahi kuuliza.
Hayo ndiyo mnayoyaona kwenye televisheni:
mbao mbichi, vanishi bado inanata,
hayajambeba mtu hata hatua moja.

Kwa miaka mitatu yameingia mia mbili kumi na manne.
Yamerudi kwa wenyewe mia moja tisini na saba.
Nilipojumlisha, usiku, kalamu ilinitetemeka,
kwa sababu ya yale kumi na saba.

Nikawatafuta, siku zangu za mapumziko.
Wengine wamehama, majirani hawana habari.
Wengine nilionyeshwa udongo;
mmoja yuko Mburahati, alizikwa na shati
alilovaa siku ya kutoa ushuhuda.
Fundi viatu wa Manzese alinikimbilia, kweli, akicheka:
mguu ulivunjika Machi, ukaunga Mei,
kama mifupa inavyounga tangu enzi za Adamu,
na Nabii alimkuta Mei.
Na mmoja, sitaficha, mama wa Kigogo,
uti wa mgongo, karatasi za hospitali anazo,
anachota maji kwa ndoo ya lita ishirini.
Nilikaa kwake hadi jioni nikitafuta kosa.
Sikuliona. Nimemwandika hivyo hivyo.

Tusekile, mke wangu, anataka Lusajo apelekwe mbele.
Mtoto ana selimundu. Kila mwezi Muhimbili,
namba ya foleni themanini na kitu,
vidonge vyenyewe leo vipo, kesho havipo.
"Maombi hayana foleni," ananiambia.
Simjibu. Nimeona wanaotoka mbele
wakiziacha dawa zao kwenye kapu jekundu,
na kapu hilo hakuna ajaye kuligongea alfajiri.
Nalimwaga mimi. Huwa nasoma majina kwenye pakiti.

Jana usiku miguu ilimshika.
Maji ya uvuguvugu, taulo, nikamkanda magoti,
naye akilia kwa sauti ya mtu mzima,
na mdomo wangu, bila kuniomba ruhusa, ukasema
Ee Baba.
Sijui nilimwita nani. Baba yangu alikufa Tukuyu,
na yule mwingine sina uhakika naye.
Nikatazama saa, nikampa kidonge,
nikaandika: saa tisa na robo, kimoja.

Halafu, maana nimezoea kuandika kila kitu,
nikaliandika na lile neno.
Safu ziko mbili tu, iliyoingia na iliyotoka.
Nimeliweka katikati, juu ya mstari.