Dakika Kumi na Nane

Sikuapa kwamba walinionea.
Niliapa nilichokiona:
saa nne na dakika kumi mwenyekiti alisema tupumzike, chai,
na Tungaraza, aliyekuwa ananishitaki,
akakusanya mafaili yake, akaingia na wajumbe chumba cha ndani.
Mlango ukafungwa.

Nikabaki ukumbini kwenye kiti cha plastiki
chenye mguu mmoja mfupi.
Dirishani ziwa, na korongo wawili juu ya bati la Mwaloni
wamesimama kama wanaosubiri hukumu ya mtu mwingine.
Dakika kumi na nane. Nilihesabu, mimi ni mhasibu.
Kwenye ya saba walicheka.
Kwenye ya kumi na tano walicheka tena,
na cha Bwana Rwekiza nilikijua kwa kikohozi cha mwishoni.

Labda ni mpira. Labda mmoja alisimulia
mbuzi aliyepanda kivuko cha Kamanga bila tiketi.
Walipotoka, Tungaraza alikuwa na chembe za sambusa kwenye tai.
Adhabu ilisomwa kabla ya adhuhuri:
miaka mitano nisishike daftari la fedha za watu.

Wakili Nyanjige, mwanamke wa maneno machache,
aliifuta methali yangu kwenye kiapo.
Kesi ya nyani, nilikuwa nimeandika,
akakata kwa kalamu nyekundu.
“Hatusemi ni ngedere. Tunasema mlango ulifungwa.
Mengine mwachie mtu wa kawaida.”

Mahakamani alimtaja mara kumi na moja huyo mtu wa kawaida,
mwenye akili timamu, asiye na haraka ya kushuku,
anayejua yote
ila kilichosemwa ndani.
Nikamtafuta kwenye mabenchi ya nyuma.
Nilimpata jioni, Kirumba:
mama anayenunua sato kwa kilo,
mkono kiunoni, macho si kwenye samaki,
kwenye dole gumba la muuzaji.
“Sijasema umegusa,” alikuwa anasema.
“Nasema litoe karibu na mzani.”

Wakili wa Serikali alisimama. Kamati ni watu wa heshima,
mwombaji hana ushahidi wa neno hata moja.
Kweli. Sina.
Hilo ndilo lalamiko langu lote,
kwamba sina na sitakuwa nalo,
mlango ulikuwa wa mninga.

Jaji aliuliza swali moja tu:
“Kwani chai isingenyweka hapo nje?”

Sasa niseme lisilo kwenye kiapo.
Mkopo wa Bugumba niliupitisha.
Milioni kumi na mbili, saini ya mdhamini wa pili haipo,
nilijua haipo. Injini ilishafika Igombe
na mkewe alikuwa amekaa mezani kwangu tangu asubuhi, haongei.
Fedha zilikuwa za wanawake mia mbili wanaoanika dagaa mchangani
na kuwafukuza korongo kwa kanga.
Kosa lipo. Nililitenda kwa kalamu ya bluu.

Na Mahakama haikunisafisha.
Kilichotupwa ni uamuzi.
Ilisema rudini, mkaanze upya, mbele ya wengine.
Ofisini walileta soda, wakanipigia makofi.
Nikanywa. Sikujua tunasherehekea nini.

Kuna jiwe nyuma ya kwetu, Igogo,
kubwa kama lori, limekaa juu ya lingine
kwa pembe isiyozidi sahani.
Tangu nizaliwe halijaanguka.
Tangu nizaliwe mama hajaanika nguo chini yake.

Tarehe tatu ninasikilizwa tena.
Huenda ikawa miaka ile ile mitano.
Nitaonyeshwa saini ya bluu, nitasema ni yangu.
Nimewaandikia barua kuhusu mlango, wakati wa chai.
Bado hawajajibu.